Mwanangu Ana Kesi Makindu



Mama zangu na dada zangu, juma hili niliazimia kuendelea na mlango wa malezi tulioufungua juma lililopita. Walakini imenifikia barua ya mama mmoja wa upande wa Kisauni, nami nimeona heri nimjibu yeye kwanza, kwa kuwa siku aliyopangiwa mwanawe kusimama mahakamani i karibu, na kwa kuwa lililomfika yeye laweza kumfika yeyote miongoni mwetu maadamu tunasafiri.

Kisa chake, kwa mukhtasari, ni hiki. Aila yao ilialikwa nikaha Kitui mjini, kwa wakwe wapya. Walitoka Mombasa siku ya Jumamosi, na ingawa nia ilikuwa kuondoka mara baada ya sala ya Alfajiri, jua lilikuwa limeshapanda walipovuka Mariakani. Sababu za kuchelewa hakuzieleza, na mwenye kuwahi kusafiri na wanawake saba na watoto wao hahitaji kuelezwa. Dereva alikuwa mwanawe wa miaka 23, na gari ni Noah ya mjomba wake. Walipofika Mtito Andei ikawa dhahiri kwamba nikaha itasomwa kabla hawajafika. Hapo, mama anaandika kwa ukweli ambao nimeuheshimu sana, wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kumhimiza kijana akaze mwendo. Kabla ya kufika Kibwezi, ambako njia ya Kitui hujitenga na barabara kuu, wakasimamishwa penye mji mdogo. Kamera ya askari ilionyesha kilomita 94 kwa saa mahali panaporuhusiwa 50. Kijana akapelekwa kituoni, ikatolewa dhamana ya shilingi 20,000, na akapewa siku ya kufika mbele ya mahakama ya Makindu. Shtaka aliloandikiwa ni la kuendesha gari kwa njia ya hatari kwa umma, wala si la kasi peke yake.

Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Mtu mmoja anayejigamba kuwa anajuana na watu ameahidi kuimaliza kesi kwa shilingi 15,000. Shangazi wa kijana anasema akanushe kila kitu, kwani hakugonga mtu wala kuku. Baba anasema akubali kila kitu, yaishe. Mama anauliza lipi kati ya haya ni halali, na akaongeza suala jengine: je, haliwezi shauri hili kuhamishiwa kwa Kadhi wetu huku Mombasa?

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ni jepesi. Haliwezi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea mahakama ya Kadhi mipaka yake: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa huko. Makosa ya barabarani ni ya hakimu wa kawaida. Tusione kwa hilo kwamba tumetolewa katika dini tukapelekwa kwengine. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, mwezi Juni 1993, lilijadili ajali za magari na likaamua kwamba kufuata kanuni za barabara zisizokwenda kinyume na sheria ya Kiislamu ni wajibu wa kidini, kwa kuwa ni katika kumtii mwenye mamlaka juu ya jambo la maslaha ya watu wote. Kwa hivyo kibao cha 50 kinachosimama mlangoni mwa mji wa Wakamba kina haki juu yetu. Si mtego wa serikali, kama nisikiavyo watu wakisema vibarazani.

Ama hizo shilingi 15,000, mama, usizitoe. Inajulikana kwetu sote kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Najua jibu linalokuja: kwamba wako maulamaa walioruhusu mtu kutoa mali ili kujiondolea dhulma. Naam, wako. Walakini waliruhusu kwa mtu aliyezuiwa haki yake na asiwe na njia nyengine ya kuifikia. Mwanao hakuzuiwa haki. Amepewa dhamana, amepewa siku, na mlango wa mahakama uko wazi. Mali itakayotoka hapo haiondoi dhulma, bali inanunua hukumu. Na kwa upande wa dola, Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Yaani mtu akimbie shauri la barabarani ajitie katika shauri kubwa kuliko hilo mara nyingi. Na huyo anayejigamba, aghalabu hana anayemjua: huchukua pesa, hunyamaza, na siku ya kesi kijana hukosekana kwa kuambiwa yamekwisha, hakimu akatoa waranti ya kumkamata.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni kauli ya shangazi na kauli ya baba. Naona wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wamedhani kwamba kasi na hatari ni neno moja.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inayatenga. Kifungu cha 42 kinaweka mipaka ya mwendo, na cha 43 kinamwadhibu aliyeipita. Ndani ya miji na vituo vya biashara mpaka ni kilomita 50 kwa saa. Kwa aliyezidisha kidogo, kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka viwango: wa kilomita 1 hadi 5 zaidi huonywa, wa 6 hadi 10 hutozwa shilingi 500, wa 11 hadi 15 shilingi 3,000, wa 16 hadi 20 shilingi 10,000. Malipo hayo hupita njia rasmi na risiti hutolewa. Hayawekwi mkononi mwa askari. Mwanao alizidisha kilomita 44, basi alikwisha kutoka nje ya jedwali hilo, na mahakama haikwepeki.

Kifungu cha 47 ni jambo jengine. Hicho kinamhusu mwenye kuendesha bila ya kujali, au kwa kasi au kwa namna iliyo hatari kwa umma, na kinamtaka hakimu atazame hali zote: barabara ilikuwaje, inatumika vipi, na vyombo na watu waliokuwapo wakati ule au waliotarajiwa kuwapo. Adhabu yake kwa kosa la mara ya kwanza ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, na leseni yaweza kusimamishwa. Kwa kijana anayetafuta riziki kwa usukani, hilo la leseni ni zito kuliko la faini.

Someni tena maneno yale: waliotarajiwa kuwapo. Shangazi anasema hakugonga mtu. Sheria haikuuliza kama aligonga. Inauliza kama mahali pale, saa ile, mtu mwenye akili angetarajia mama atokeze baina ya malori akiwa na ndoo, au mtoto avuke akikimbilia dukani. Mwenye kuijua njia ile atajibu mwenyewe. Kuanzia Mtito Andei hadi Salama barabara kuu imepasua katikati ya makaazi ya watu: Kambu, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Soko liko kando ya lami, kisima kiko ng'ambo, na punda waliobebeshwa mitungi ya maji huvuka bila ya kusoma kibao chochote. Wauza maembe na machungwa hukimbilia madirisha ya mabasi. Hao si wageni wa barabara. Barabara ndiyo iliyowakuta pale.

Nimefanya hisabu ndogo ili kijana na wanaomhimiza waione. Gari la mwendo wa 50 hupita kiasi cha mita 14 kwa sekunde moja. La mwendo wa 94 hupita mita 26. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kufahamu na kukanyaga breki. Ukiongeza na masafa ambayo gari huteleza baada ya breki kushika, juu ya lami kavu na matairi mazima, la kwanza husimama katika mita 35 hivi, na la pili hukaribia mita 90. Mtoto aliyetokea mita 50 mbele yako ataogopa tu kwa mwendo wa kwanza. Kwa mwendo wa pili atakufa. Na faida yake ni nini? Mji wenye urefu wa kilomita mbili huvukwa kwa dakika mbili na sekunde 24 kwa mwendo wa 50, na kwa dakika moja na sekunde 17 kwa mwendo wa 94. Dakika moja na sekunde saba ndiyo iliyookolewa. Wazee wetu waliokwenda Ukambani na misafara ya biashara walitembea siku nyingi kwa miguu, na Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikwenda hivyo hivyo. Sisi tumepewa lami mpaka Mutomo na Kitui, safari imekuwa ya kutwa isiyotimia, na bado tunagombania dakika.

Kwa hayo, mama, mwanao afanye nini? Asikanushe alilolifanya. Akiwa anajua moyoni kwamba mshale ulipita 90, haimfalii kusimama kizimbani, pengine baada ya kuapa kwa Mus-haf, akasema alikuwa mwendo wa 50. Kiapo cha uongo ni katika madhambi makubwa, na hakifutwi na kushinda kesi. Lakini vilevile asikubali lisilokuwa. Kukubali shtaka la kifungu cha 47 ni kukubali kwamba aliwahatarisha watu. Ikiwa barabara pale ilikuwa tupu kweli, hapana nyumba wala kivuko, na kibao cha 50 kiko nusu kilomita kabla ya mji, anaweza kusema kwa ulimi safi: nilipita kiwango cha mwendo, sikuendesha kwa hatari. Hilo si hila, ni kupambanua, na sheria imempa nafasi ya kulisema. Wakili wake anaweza kuzungumza na upande wa mashtaka ili shtaka libadilishwe liwe lile dogo, kwani taratibu za jinai za Kenya zinaruhusu makubaliano ya namna hiyo. Mashtaka yakibaki vilevile, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hatari, si juu yake kuthibitisha usalama. Na hata katika kasi tupu, kifungu cha 43 hakiruhusu mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja anayesema tu kwamba kwa maoni yake gari lilikwenda mbio. Ndipo kamera ikawa na umuhimu wake, na mshtakiwa ana haki ya kuuliza ilivyotumika.

Na ikiwa haikuwa tupu? Ikiwa kulikuwa na watu kando, na yeye anakumbuka uso wa mmoja aliyeruka nyuma? Basi akubali, aombe radhi mbele ya hakimu, aeleze umri wake na kwamba ni kosa lake la kwanza, na alipe. Kati ya hali hizo mbili mimi siwezi kuchagua kwa niaba yake, wala wewe huwezi. Mkalishe chini, baba yake awepo, mumuulize kwa upole nini hasa alikiona mbele yake dakika ile. Jibu lake ndilo litakalowaonyesha njia. Nachelea kwamba mpaka leo, katika makelele yote ya nyumba, hapana aliyemuuliza hilo.

Mnisamehe, dada zangu, sasa niseme na waliokaa nyuma. Kijana wa miaka 23 aliyezungukwa na mama yake, mashangazi na dada zake, kila mmoja akimwambia tutachelewa, anabeba mzigo ambao wazee wangeshindwa. Yeye anaogopa kuonekana mzembe mbele ya jamaa kuliko anavyoogopa kamera ya askari. Mguu ulikuwa wake na mahakamani atasimama peke yake, lakini himizo lilitoka kwenu. Haiwi haki faini atozwe yeye katika mshahara wake na nyinyi mkabaki na hadithi ya safari. Rai yangu, na ni rai tu, ni kwamba kila aliyekuwa ndani ya gari ile na akahimiza achangie fungu lake.

Tukumbuke pia kwamba njia za Kitui zimeshuhudia arusi iliyogeuka msiba. Tarehe 4 Disemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililowabeba waimbaji wa kwaya ya kanisa waliokuwa wakielekea arusini liliingizwa katika mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara, na maji yakalipindua mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Walikufa zaidi ya watu 30, dereva akiwa miongoni mwao. Mwenyezi Mungu azifariji nyumba zao. Siwataji ili kumlaumu maiti. Nawataja kwa sababu wao pia walikuwa na arusi mbele yao, na kati ya abiria na maamuzi ya dereva huwa kuna nafasi ndogo sana ambayo sauti ya mama mmoja inaweza kuingia. Mwanamke anayesema, mwanangu, simama, wacha tuchelewe, ana uzito ndani ya gari ambao askari hana.

Lau mwanao angegonga mtu akafa, tungekuwa tunaandikiana barua nyengine. Kifungu cha 46 kinafika kifungo cha miaka 10. Na hata kama mahakama ingemwachia, sheria ya dini isingemwachia: juu ya mwenye kuua kwa makosa kuna diya ya kuwapa warithi wa aliyekufa, isipokuwa wakisamehe, na kuna kafara, ambayo katika zama zetu zisizo na watumwa wa kuachwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Nimewahi kuulizwa na madereva kuhusu funga hiyo. Wengi wao hawakuwa wakijua kuwa ipo.

Yamebaki mambo ya siku yenyewe. Kutoka Mombasa hadi Makindu ni kama kilomita 300, basi kijana aende jana yake alale huko, na asiendeshe mwenyewe usiku ili awahi asubuhi, tukarudi tulikotoka. Achukue kitambulisho, leseni, karatasi aliyopewa kituoni na risiti ya dhamana. Pasipo risiti kuzipata zile 20,000 ni taabu. Aombe hati ya mashtaka aisome, au asomewe, kabla ya kujibu lolote. Kiswahili ni lugha ya mahakama hizo sawa na Kiingereza, kwa hivyo asione haya kusema: mheshimiwa, naomba nisomewe kwa Kiswahili. Akiwa hajafahamu au hana wakili bado, aombe muda. Katiba, kifungu cha 50, inampa muda wa kutosha kujitayarisha na haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaoletwa. Avae kanzu au suruali, vyovyote, iwe safi. Na mjomba mwenye gari ajulishwe leo ikiwa bado hajui.

Mama ameuliza mwishoni, kwa wino mwengine kama aliyekumbuka baadaye, ikiwa faini yaweza kulipwa kutokana na zaka ya mtaa. Mwenye deni ni katika wanaostahiki zaka, lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameshurutisha kwamba deni lisiwe limetokana na maasia, isipokuwa mwenyewe ametubia. Na awe hana uwezo wa kulilipa. Nyumba iliyomudu kukodi mahema na kwenda na zawadi Kitui sidhani imefikia hapo. Waachieni zaka wajane wa mtaa.

Masuala mawili kuhusu eda ya mwanamke anayefanya kazi, na lile la bibi wa Likoni kuhusu nyumba ya urithi, yamefika na nimeyasoma. Yatajibiwa juma lijalo, inshaallah.